Frederick James Furnivall (1825–1910): Mtu Aliyeyatoa Kabatini Mashairi ya Kale ya Kiingereza

Mwanafunzi wa leo anayetaka kuusoma ushairi wa Kiingereza wa Zama za Kati hana haja ya kufunga safari hadi London au Oxford. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kimeweka katika intaneti hazina kubwa ya matini za nathari na ushairi wa Kiingereza cha Kati, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzifungua bila malipo. Akizifungua moja baada ya nyingine na kuutazama ukurasa wa mwanzo wa kila moja, atakutana tena na tena na jina la chama kimoja, Early English Text Society, na jina la mtu mmoja, F. J. Furnivall. Mtu huyo hakuwahi kuwa profesa. Hakuna chuo kikuu kilichomlipa mshahara kwa kazi hiyo, na wataalamu wengi wa wakati wake walimwona kuwa mwenye papara na ulimi mkali. Pamoja na hayo, pasipo yeye sehemu kubwa ya ushairi huo ingaliendelea kulala katika makabati ya watu binafsi kwa miaka mingi zaidi.

Furnivall alizaliwa tarehe 4 Februari 1825 katika mji mdogo wa Egham, jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza. Baba yake, George Frederick Furnivall, alikuwa tabibu aliyejipatia utajiri kwa kuendesha hospitali ya binafsi ya wagonjwa wa akili. Utajiri huo unafaa kuzingatiwa mapema, kwa kuwa ndio uliompa kijana wake uhuru wa kufanya kazi ambazo hazikuwa na ujira, na kutoweka kwake baadaye ndiko kulikopima uthabiti wake. Mwaka 1841 kijana huyo aliingia Chuo cha University College, London, na mwaka uliofuata akahamia Trinity Hall, Cambridge. Alisoma hisabati, akapata shahada yake mwaka 1846. Yamkini jambo alilolipenda zaidi huko Cambridge lilikuwa mto: alipiga makasia kila alipopata nafasi, na mapenzi hayo hayakumtoka hadi uzeeni. Baba yake alitaka awe mwanasheria, naye akatii. Mwaka 1849 alikubaliwa kuwa wakili, akafungua ofisi London, lakini moyo wake haukuwa huko.

Moyo wake ulivutwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa hali ya wafanyakazi. Kupitia kwa John Malcolm Ludlow, alijiunga na kundi la Wakristo wa Kijamaa lililoongozwa na kasisi F. D. Maurice, na mwaka 1854 kundi hilo lilianzisha Chuo cha Wafanyakazi jijini London. Maseremala, wachapaji na makarani walikuja jioni baada ya kazi. Furnivall aliwafundisha sarufi na fasihi ya Kiingereza, akianza na Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400. Ni yeye pia aliyemshawishi John Ruskin aje kufundisha uchoraji, na siku chuo kilipofunguliwa waliohudhuria waligawiwa kijitabu chenye sura moja ya Ruskin kuhusu usanifu wa Kigothiki. Maurice alitaka chuo kiwe mahali pa ibada na nidhamu. Furnivall alikifanya kuwa pia mahali pa dansi, matembezi na safari za mashua, tena siku ya Jumapili. Kasisi aliumia moyoni, na mvutano kati yao ulidumu kwa muda mrefu. Hatimaye Furnivall aliipoteza kabisa imani yake ya dini. Hakuipoteza imani aliyoipata darasani, kwamba shairi la kale si mali ya mabwana waliosoma Kilatini peke yao. Fundi viatu aliweza kulisoma akalielewa, mradi apewe kitabu.

Kitabu chenyewe ndicho kilichokuwa adimu, na hapo ndipo jambo la pili linapoingia. Mwaka 1847 Furnivall alijiunga na Chama cha Filolojia cha London. Mwaka 1853 alifanywa mmoja wa makatibu wake, na kuanzia mwaka 1862 akawa katibu wa pekee, cheo alichokishikilia hadi kifo chake. Mnamo 1857 chama kiliunda kamati ya watu watatu, Richard Chenevix Trench, Herbert Coleridge na Furnivall, ili ikusanye maneno ambayo kamusi zilizokuwapo ziliyaacha. Ilidhihirika upesi kwamba kasoro za kamusi hizo hazikuweza kuzibwa kwa viraka. Ilihitajika kamusi mpya itakayoonyesha historia ya kila neno tangu lilipoandikwa mara ya kwanza, kwa ushahidi wa sentensi kutoka katika maandishi ya kila karne. Coleridge aliteuliwa kuwa mhariri, lakini akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 30 tu. Kazi ikamwangukia Furnivall.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Mtu hawezi kuandika historia ya neno la karne ya 14 ikiwa maandishi ya karne ya 14 hayajachapishwa. Wasomaji wa kujitolea walioikusanyia kamusi mifano walikuwa wametawanyika kote nchini. Wangewezaje kuusoma mswada mmoja uliofungiwa London?

Ni vyema ifahamike mashairi hayo yalikuwa wapi wakati huo. Mfano mzuri ni mkusanyiko wa Sir Robert Cotton, mwungwana aliyefariki mwaka 1631 baada ya kukusanya miswada ya kale kwa maisha yake yote. Makabati ya maktaba yake yalitambuliwa kwa sanamu za vichwa vya watawala wa Kirumi zilizowekwa juu yake, na hadi leo miswada yake inaitwa kwa majina hayo. Beowulf umo katika mswada uliokuwa chini ya Vitellius. Pearl na Sir Gawain and the Green Knight yamo katika mswada uliokuwa chini ya Nero. Tarehe 23 Oktoba 1731 moto ulizuka katika jumba la Ashburnham, London, ambamo maktaba hiyo ilikuwa imehifadhiwa. Mingine iliteketea, na mswada wa Beowulf uliungua kingo. Mswada wa Pearl ulinusurika. Lau moto ungaliufikia, mashairi manne yaliyomo yangalipotea kabisa, kwa kuwa hakuna nakala nyingine ya Zama za Kati inayojulikana hata ya moja kati ya hayo. Miswada iliyosalia ilikuja kuwekwa katika Makumbusho ya Uingereza, ambako ilikuwa salama lakini haikusomwa na wengi. Utenzi wa Gawain ulikuwa umechapishwa mara moja tu, mwaka 1839, na Sir Frederic Madden, kwa ajili ya wanachama wa klabu ya Bannatyne ya huko Scotland. Klabu za namna hiyo zilichapa nakala chache za fahari, wanachama wakagawana, na mlango ukafungwa. Furnivall alizijua kwa ndani, maana yeye mwenyewe mwaka 1862 alihariri utenzi wa Robert Mannyng, Handlyng Synne, kwa ajili ya klabu nyingine ya aina hiyo, Roxburghe.

Mwaka 1864 alianzisha Early English Text Society. Mpango wake haukuwa na siri yoyote: kila mwanachama atoe gini moja kwa mwaka, na apokee vitabu vyote vitakavyochapishwa mwaka huo. Fedha za ada ndizo zilizolipa wachapaji. Wahariri hawakulipwa. Kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka huohuo, kilikuwa mashairi matatu kati ya yale manne ya mswada wa Nero, yakiwa yamehaririwa na Richard Morris, na kabla ya mwaka kwisha Morris alitoa pia Gawain. Hivyo mashairi yaliyoponea chupuchupu katika moto wa 1731, ambayo hufungwa kwa kurudiarudia konsonanti za mwanzo wa maneno, yakapatikana kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya kawaida aliweza kuimudu akijinyima kidogo.

Furnivall alikuwa na kipaji cha pekee cha kuwatafutia watu kazi. Mmoja wa aliowanasa alikuwa Walter William Skeat, kasisi kijana aliyelazimika kuacha kuhubiri kwa sababu ya maradhi ya koo, akarudi Cambridge kufundisha hisabati. Skeat alikabidhiwa Piers Plowman, utenzi mrefu wa William Langland uliosalia katika miswada mingi inayotofautiana. Mwaka 1866 alichapisha vifungu sambamba kutoka katika miswada 29, na kwa kuvilinganisha akaonyesha kwamba utenzi huo uliwahi kuwa na sura tatu tofauti. Sura hizo alizichapisha moja moja, mwaka 1867, 1869 na 1873. Mwaka 1878 Skeat akawa profesa wa Kisaksoni huko Cambridge. Si rahisi kuamini kwamba angefika huko kama katibu mmoja mkorofi wa London hangempa mswada na kumsukuma.

Furnivall mwenyewe alihariri vitabu vingi mno, na hapa haki inadai upungufu wake usemwe. Alikuwa na haraka. Alinakili na kutuma kwa mchapaji, akaongeza sahihisho katika kitabu kilichofuata, na wakati mwingine faharasa ilichelewa kwa miaka. Dibaji zake zilijaa mambo yasiyohusiana na matini: maoni kuhusu siasa, habari za rafiki, vijembe kwa wapinzani. Hata neno la kuziitia dibaji hizo alilichagua kwa makusudi. Alilikwepa neno la asili ya Kilatini na kutumia lile lililoundwa kwa mizizi ya Kisaksoni, jambo ambalo wanafunzi wa uundaji wa istilahi watalielewa vizuri. Wasomi wa Ujerumani, waliokuwa wakiunda mbinu za kulinganisha miswada ili kuikaribia kauli asilia ya mwandishi, walizitazama baadhi ya kazi zake kwa mashaka.

Hata hivyo, palikuwa na hoja nyuma ya haraka hiyo. Furnivall aliamini kwamba kazi ya kizazi chake haikuwa kuamua mshairi aliandika nini hasa. Kazi yao ilikuwa kuonyesha kila mswada unasema nini, ili waliokuja baadaye waamue. Kwa hiyo matoleo ya chama chake yaliuacha mswada na tahajia yake, na mahali ambapo mnakili wa kale alifupisha neno, herufi zilizojazwa na mhariri zilichapwa kwa mlazo ili msomaji ajue ni za nani. Mhariri aliyesawazisha na kupamba bila kusema alikuwa, machoni pa Furnivall, mwongo.

Msimamo huo ulipata umbo lake kamili katika Chama cha Chaucer alichokianzisha mwaka 1868, kwa kiasi kikubwa ili kumridhisha Francis James Child, profesa wa Harvard. Child alikuwa ameandika uchunguzi mkubwa wa lugha ya Chaucer, lakini alilazimika kuutegemea uchapishaji wa Thomas Wright, uliofuata hasa mswada mmoja. Ikiwa mswada huo una makosa, basi uchunguzi wote umesimama juu ya mchanga. Jibu la Furnivall lilikuwa kuzichapa Hadithi za Canterbury kutoka katika miswada sita kwa pamoja, katika safu sita sambamba, mshororo ukikabiliana na mshororo. Msomaji akiufunua ukurasa anaona kwa mtazamo mmoja wanakili sita wa karne ya 15 walivyolishika neno lilelile. Miswada mitatu kati ya hiyo ilikuwa mikononi mwa watu binafsi: wa Ellesmere wenye picha za mahujaji, wa Hengwrt uliokuwa katika jumba moja huko Wales, na wa Petworth. Furnivall aliandika barua, akabembeleza, akasisitiza, na wenyewe wakaifungua milango. Kazi hii ilichukua miaka mingi. Skeat alipotoa Chaucer yake kamili mwaka 1894, alisimama juu ya safu hizo.

Kisa cha mswada wa Percy kinaonyesha zaidi jinsi milango hiyo ilivyokuwa migumu. Katika karne ya 18 Thomas Percy, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliukuta mswada mkubwa wa mashairi na nyimbo za masimulizi sakafuni katika nyumba ya rafiki yake huko Shifnal, vijakazi wakichana kurasa zake kuwashia moto. Aliuomba, akaupata, na mwaka 1765 akachapisha mkusanyiko uliompa sifa kubwa, lakini akiwa amebadilisha na kujazia mengi kadiri ya ladha yake. Watu walipotaka kuuona mswada wenyewe ili walinganishe, Percy, na baada yake familia yake, walikataa. Furnivall na Child waliisumbua familia hiyo hadi ikakubali, kwa malipo. Mnamo 1867 na 1868 Furnivall pamoja na John Wesley Hales walichapisha mswada wote jinsi ulivyo, na hapo kila mtu akajionea kile Percy alichokifanya. Nyimbo za matusi zilitolewa katika kitabu cha peke yake, maana Furnivall hakukubali ziachwe.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hataweza kuzisoma habari hizi bila kukumbuka kwamba katika muongo wa 1880 na ule uliofuata, Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walikuwa Mombasa wakiyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka vinywani na katika kumbukumbu za watu, na kwamba diwani yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1940 ndipo William Hichens akaichapisha. Ucheleweshaji wa namna hiyo ndio uliomkera Furnivall kuliko kosa la chapa.

Gharama ya mambo haya yote ilikuwa kubwa. Baba yake alifariki mwaka 1865 akimwachia urithi wa kutosha. Mwaka 1866 kampuni ya fedha ya Overend, Gurney ilianguka kwa kishindo, na urithi huo ukaangamia pamoja nayo. Binti yake alifariki mwaka huohuo akiwa mtoto mchanga. Mtu mwingine angaliurudia uwakili. Furnivall aliuza vitu vyake, akapunguza matumizi, akaendelea kuanzisha vyama. Hakula nyama wala kunywa pombe, hivyo maisha yake hayakuhitaji mengi, ingawa mkewe hakuulizwa kama naye alihitaji machache. Mwaka 1884 serikali ilimpa pensheni ya pauni 150 kwa mwaka, na hiyo ndiyo iliyomtegemeza.

Wakati huo kamusi ilikuwa ikizorota. Furnivall aliweza kuanzisha kazi kumi, lakini kusimamia moja kwa utulivu hakuweza. Aliwagawia wahariri wasaidizi herufi za alfabeti, kisha wengine wakafa, wengine wakahama, wengine wakachoka, naye hakuweka kumbukumbu ya nani ana nini. James Murray alipokubali kuwa mhariri mwaka 1879, aliletewa vijikaratasi vyenye uzito wa karibu tani mbili. Katika gunia moja palikuwa na panya aliyekufa, na katika furushi jingine panya hai na wanawe waliojitengenezea kiota kwa karatasi. Vijikaratasi vya herufi H viligunduliwa Florence, Italia. Sehemu ya herufi P ilipatikana katika zizi la farasi huko Cavan, Ireland, wakati vingi vyake vilikuwa vimekwisha kuwashiwa moto. Huyu ndiye yuleyule aliyewashutumu vijakazi wa Shifnal. Murray alikasirika, na alikuwa na kila sababu. Lakini hata yeye alijua kwamba mifano mingi ya Kiingereza cha Kati katika kamusi yake ilitoka katika vitabu ambavyo Furnivall alivichapisha kwa ajili yake kabla hata hawajakutana.

Ulimi wake ulimgharimu kama mikono yake ilivyomgharimu. Mnamo 1873 alianzisha chama kipya cha Shakespeare, kilichotaka kuzipanga tamthilia kwa kuhesabu sifa za mishororo yake. Mshairi Algernon Swinburne aliona kuhesabu huko kuwa upuuzi, akakidhihaki. Badala ya kujibu hoja, Furnivall alilitafsiri jina la Swinburne kwa mizizi yake akaligeuza kuwa Kijito cha Nguruwe, na kulitumia hadharani. Swinburne naye alilitafutia jina la Furnivall mizizi ya Kilatini isiyosemeka mbele ya wazee. Ugomvi ulimfikia James Halliwell-Phillipps, mtaalamu mzee aliyeheshimika, naye akatukanwa vilevile. Mwaka 1881 wanachama kadhaa mashuhuri walijiuzulu, na chama kikadhoofika hadi kikafa. Hapana lolote la kumtetea katika jambo hili. Mtu aliyedai ukweli wa kila herufi ya mswada hakuona haja ya kuwa mwadilifu kwa jina la mtu.

Mwaka 1883 ulikuwa mbaya zaidi. Furnivall, aliyekuwa amemwoa Eleanor Dalziel mwaka 1862, alikuwa amempenda msichana aitwaye Teena Rochfort-Smith, mwanafunzi hodari wa Shakespeare ambaye alimzidi kwa zaidi ya miaka 30. Teena alikuwa akitayarisha Hamlet katika safu nne sambamba, kwa mbinu ileile ya Chaucer ya safu sita, na sampuli yake ilikuwa imekwisha chapwa. Furnivall alitengana na mkewe. Miezi michache baadaye Teena alikuwa akichoma barua, nguo yake ikashika moto, naye akafariki kutokana na majeraha mwezi wa Septemba. Hamlet yake haikukamilika. Furnivall aliandika tanzia yake, na baada ya hapo akaishi peke yake kwa sehemu kubwa ya miaka yake iliyosalia. Mwanawe Percy akawa daktari wa upasuaji.

Picha ya mwisho ambayo watu wengi waliihifadhi ni ya mzee mwenye ndevu nyeupe, mwenye tai ya rangi kali, anayefanya kazi mchana katika chumba cha kusomea cha Makumbusho ya Uingereza, kisha anavuka kwenda mkahawa wa ABC wa mtaa wa New Oxford kunywa chai. Mezani pake palikaa maprofesa wa kigeni waliokuja kumtafuta, na wahudumu wa mkahawa, ambao aliwafahamu kwa majina, waliweza kuketi naye pia. Wahudumu hao, pamoja na wasichana wa madukani, walifanya kazi siku sita kwa juma na hawakuwa na mchezo wowote. Kanuni za mashindano ya makasia zilikuwa zimewazuia hata wanaume waliofanya kazi kwa mikono wasishindane na waungwana, na Furnivall alikuwa amezipinga kanuni hizo kwa miaka mingi. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 71, alianzisha klabu ya makasia ya wasichana huko Hammersmith. Kila Jumapili alipanda mto Thames pamoja nao hadi Richmond, wakala chakula, wakarudi. Klabu hiyo ingalipo, nayo ina jina lake. Husemekana pia kwamba Kenneth Grahame, aliyekuwa katibu wa heshima katika chama chake cha Shakespeare, alimchora katika mhusika mpenda mashua wa hadithi yake ya watoto ya mwaka 1908.

Heshima zilimfikia kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha Berlin kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1884, Oxford mwaka 1901, na mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza wa Akademia ya Uingereza. Rafiki zake walimtolea kitabu cha makala alipotimiza miaka 75 na kumnunulia mashua. Alifurahia mashua.

Mapema mwaka 1910 madaktari walimweleza kwamba ana saratani na kwamba hakusalia na zaidi ya miezi michache. Alimwandikia Murray habari hizo kwa utulivu, akieleza kwamba alitumaini kuiona kamusi ikikamilika kabla hajafa, ila halitakuwa, na kwamba angalau mwisho wake sasa ulikuwa na hakika. Murray wakati huo alikuwa katika herufi T. Alimjibu kwa kumwuliza kama angependa kupelekewa kurasa za neno moja kubwa kuliko yote aliyokuwa akiyashughulikia, kitenzi cha kutwaa, kabla wakati haujapita. Furnivall aliendelea kwenda Makumbusho mpaka mwili ulipokataa. Alifariki London tarehe 2 Julai 1910, na maiti yake ikachomwa huko Golders Green. Early English Text Society ilikuwa imekwisha toa zaidi ya vitabu 200.

Murray alifariki mwaka 1915, na kamusi ilikamilika mwaka 1928. Mswada wa Ellesmere uliuzwa Marekani mwaka 1917 na sasa umo katika Maktaba ya Huntington, California. Ule wa Hengwrt umo katika Maktaba ya Taifa ya Wales. Picha za kurasa zake zote zinapatikana katika intaneti. Mnamo Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza, ambayo ndiyo mrithi wa hazina ya Cotton, na kwa miezi mingi msomaji aliyetaka kuiona miswada yake ya kidijitali aliukuta mlango umefungwa. Katika miezi hiyo matini za Michigan, ambazo nyingi zilinakiliwa kutoka katika matoleo ya Furnivall na wenzake, pamoja na makosa yake na herufi zake za mlazo, ziliendelea kufunguka kama kawaida.